Firigogo wa Kalacha: jana mamia, leo watatu tu. Nani kawafukuza?

#1 Nusu Lita
Wakuu, salamu. Juzi nimerudi kutoka kaskazini mwa Kenya na kundi letu bado linagombana kwenye simu, kwa hiyo naleta kesi hapa.

Tulikuwa watu 14, magari mawili. Tulilala usiku mmoja mlimani Marsabit, kesho yake tukateremka hadi Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Asubuhi ya kwanza tuliketi mbali kidogo na maji ya chemchemi, kila mtu na darubini yake. Saa moja, kimya. Saa mbili, hua wawili na punda. Ilipogonga saa mbili na nusu tukasikia sauti angani, kama watu wanaosukutua, halafu ndege hao, firigogo, wakaanza kushuka. Kumi, thelathini, hamsini. Wanatua kando, wanatembea mbiombio hadi ukingoni, wanapiga mafunda machache, hao wameruka. Nilihesabu hadi 340 nikaacha, macho yalishachoka. Saa tatu na dakika ishirini, kwisha habari.

Asubuhi ya pili, pale pale. Tulikaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne na nusu. Walikuja WATATU. Wakazunguka juu mara mbili, wakaenda zao.

Nusu ya kundi inanilaumu mimi, kwa kuwa ndiye niliyesema tusogee hatua thelathini ili wapiga picha wapate mwanga mzuri. Nusu nyingine inamlaumu mama mmoja aliyevaa koti la mvua la njano. Wajuvi, semeni.

#2 Mtaalamu Uchwara
Watu 14? Huko si kutazama ndege, huko ni kwenda kuposa.

#3 Kipozamataza77
Kabla hatujamhukumu mtu: ni firigogo gani hasa? Na mvua ilinyesha usiku wa katikati?

#4 Nusu Lita
@Kipozamataza77 wengi tumbo lao la kahawia iliyoiva, mkia umechongoka. Wachache walikuwa wale wa uso mweusi. Mvua kwetu hata tone, ila usiku tuliona radi zikicheza upande wa vilima vya Huri, mbali sana.

#5 Kipozamataza77
Basi faili limefungwa. Ndege huyu anakula mbegu kavu, na mbegu kavu haina maji, kwa hiyo lazima anywe karibu kila siku. Usipompa vidimbwi, anasafiri hadi kwenye chemchemi. Ukimpa vidimbwi huko huko anakolala, aje Kalacha kutafuta nini? Mvua ya usiku mmoja inatosha. Novemba mtu usiende kukaa kisimani ukitegemea firigogo, nenda Februari maji yakiwa yamekauka kila mahali.

#6 Mtaalamu Uchwara
Faili limefungwa na nani? Wewe hukuwepo.

#7 Dida Binti
Nimezaliwa Marsabit, mama yangu Mgabra, mniruhusu niseme kidogo. Huri hakuna chemchemi wala mto wa kudumu. Mvua ikinyesha kule inazama kwenye mawe ya volkano kama umemwaga kwenye kichujio. Vidimbwi vinaweza kutokea huku chini kwenye udongo wa mfinyanzi, hilo sikatai, lakini radi za Huri peke yake hazinitoshi.

Swali langu kwa Nusu Lita: asubuhi ya pili kulikuwa na ngamia?

#8 Nusu Lita
@Dida Binti walikuwepo. Wengi. Walifika kama saa moja na nusu na wachungaji watatu, wakakaa hadi saa nne. Siku ya kwanza kulikuwa na punda na mbuzi tu.

#9 Dida Binti
Ndiyo hiyo. Ngamia hawanyweshwi kila siku, wanakuja kwa zamu, tena wakija wanakuja kwa fujo. Mlikutana na siku ya zamu. Ndege hawawezi kutua katikati ya miguu mia mbili.

#10 Mzee wa Darubini
Heshima kwako binti yangu, ila hapo tutofautiane. Firigogo na ngamia wamekunywa pamoja tangu enzi. Nimewaona wakitua hatua kumi na tano kutoka kwa ngamia na hawajali. Wanaogopa kitu kimoja tu, nacho kiko juu. Soma tena #1: watatu walizunguka mara mbili, wakaondoka. Hiyo ndiyo tabia ya ndege aliyeona kozi. Kozi mmoja akikaa kwenye mnyaa au kwenye jabali karibu na maji, kundi zima linasusa. Hata ile tabia ya kuja kwa wingi kwa wakati mmoja ni kwa ajili yake: macho mengi, na kati ya mia tano uwezekano wa kuliwa wewe ni mdogo.

Nusu Lita, mlitazama juu, au wote mlikuwa mnatazama maji?

#11 Nusu Lita
Mzee wangu, kusema kweli tulikuwa tunatazama maji.

#12 Pare Original
Samahani wakuu, mwenzenu nimekwama kwenye kichwa cha uzi. Firigogo ndiyo nini? Nimekulia Same, nimechunga mbuzi hadi darasa la saba, sijasikia mtu akiita ndege hivyo.

#13 Shangazi Mwembeni
Jina lipo kwenye vitabu, mwanangu. Ni yule ndege wa ukubwa wa njiwa, miguu mifupi, anakaa chini kwenye changarawe, ukimkaribia anaruka ghafla mpaka moyo unakushuka. Pwani hatuna haja naye ndiyo maana hatumtaji.

#14 Pare Original
Aaah! Huyo tunaye! Sisi tulikuwa tunasema kwale tu.

#15 Kipozamataza77
Kwale ni mwingine kabisa, kwale ni jamaa ya kuku. Mkiendelea hivi mtaita kila kitu kinachotembea chini kwale.

#16 Pare Original
Mkuu wewe mwenyewe umejiita kipozamataza, nani mtaani anajua kipozamataza? 😂

#17 Kipozamataza77
Ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayeimba akiwa angani, na anastahili heshima. Tena kule alikopita Nusu Lita kuna kipozamataza wa Williams, hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Yupo Dida Galgalu kaskazini ya Marsabit, na kule Shaba upande wa Isiolo, basi. Aliandikwa kisayansi mwaka 1956. Nusu Lita, mlimpata?

#18 Nusu Lita
Tulisimama Dida Galgalu saa mbili nzima juu ya yale mawe meusi. Tuliona ndege saba wa rangi ya vumbi na tukapata majibu tisa. Kwenye orodha nimeandika "kipozamataza, hajulikani".

#19 Pare Original
Tanzania nasi tuna wetu, kipozamataza wa Beesley, yuko kwenye uwanda wa Engikaret, kaskazini ya Arusha ukielekea Namanga. Unamtazama huyo, na siku ikiwa safi Meru iko upande mmoja, Kilimanjaro upande mwingine. Nyinyi endeleeni na mawe yenu.

#20 Mswahili wa Muscat
Nawasoma kutoka Oman. Kuna dimbwi jangwani linaitwa Muntasar, karibu na Qatbit, barabara ya kwenda Salalah. Watu wanatoka Ulaya kuja kukaa pale kusubiri firigogo. Nilikwenda na jamaa sita. Asubuhi walikuja wale wenye madoa na wale wa taji. Tukafunga vitu, tukawasha jiko. Giza limeshaingia, hatuoni hata vidole vyetu, tukasikia mabawa. Ni wale wenye mistari, wa Lichtenstein, wao hunywa usiku. Kwa hiyo Nusu Lita, mlikuja saa mbaya. Firigogo wanakunywa usiku.

#21 Mzee wa Darubini
Bwana Muscat, umesema kweli halafu ukaiharibu mwishoni. Wale wa Lichtenstein ndio wa usiku, baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza, na Kenya kaskazini wapo pia. Wa tumbo la kahawia ni wa asubuhi. Usimpe mtu saa ya jirani yake.

#22 Mswahili wa Muscat
Nimekubali mzee. Lakini hapo sasa swali linakuwa kubwa zaidi. Kama shida ni kozi, kwa nini wote wasinywe usiku kama wenye mistari? Usiku kozi amelala.

#23 Mtaalamu Uchwara
Usiku kuna mbweha. Na bundi. Kila saa ina askari wake.

#24 Kipozamataza77
Mimi naona ni tumbo. Anakula kwanza asubuhi na mapema kukiwa baridi, gunia likijaa mbegu anakwenda kushushia maji, halafu anapumzika joto likipanda. Saa mbili na nusu hadi tatu na nusu ndiyo nafasi pekee. Hata wewe chai unakunywa na andazi.

#25 Fundi Redio
Nyie watu mnajua kuwa dume anabeba maji kwa manyoya ya tumbo kupelekea watoto? Dereva mmoja alinisimulia hivyo, nikacheka hadi nikamkera. Maji yabebwe na manyoya, kilomita ishirini, juani? Hadithi za watembeza wageni hizo.

#26 Shangazi Mwembeni
Mwombe dereva msamaha. Si hadithi. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliyefuga ndege hawa aliandika kwamba dume analowesha tumbo kisha vifaranga wanakamua maji kwa midomo. Wenzake hawakumwamini kwa miaka mingi. Mwaka 1967 watafiti wawili, Cade na Maclean, wakalithibitisha porini Kalahari. Halafu 2023 wahandisi Marekani wakaliangalia unyoya kwa hadubini kali: nyuzi zake zimejisokota zikiwa kavu, zikilowa zinajikunjua na kusimama, maji yananaswa katikati. Dume mmoja anaweza kubeba kama mililita 25, takriban asilimia 15 ya uzito wake.

Na ni dume TU. Mliokuwa Kalacha, mliona yeyote akijitumbukiza na kujitikisa badala ya kunywa?

#27 Fundi Redio
Namtafuta dereva. Nilimwita mwongo mbele ya wageni wake.

#28 Kipozamataza77
Nyongeza ndogo kwa Shangazi: vipimo hivyo ni vya firigogo wa Namaqua, wa kusini mwa Afrika. Wa kwetu ni ndugu zake, ila namba tusizibandike moja kwa moja.

#29 Nusu Lita
@Shangazi Mwembeni mmoja alifanya hivyo! Mama wa koti la njano ana picha yake. Amekaa kwenye maji kama kuku anayelalia, anajisugua. Sisi tulidhani anaoga. Sasa mama huyo amepanda cheo, hakuna anayemlaumu tena, nimebaki mimi.

#30 Mtaalamu Uchwara
Narudi kwenye hoja yangu ambayo mmeiruka. Watu 14. Siku ya kwanza ndege hawakuwajua. Siku ya pili waliwajua.

#31 Mzee wa Darubini
Kwa hiyo kundi kubwa halioni ndege? Nairobi kuna matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanaanzia Makumbusho ya Taifa. Mama Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971. Nimekwenda siku tuko thelathini na zaidi, na tukatoka na orodha ndefu kuliko ninayoipata peke yangu. Macho sitini yanaona. Tatizo ni midomo thelathini.

#32 Mtaalamu Uchwara
Nairobi ndege wamezoea matatu. Chalbi mtu akipiga chafya inasikika Ethiopia.

#33 Dida Binti
Hapo Mtaalamu ana hoja kidogo. Jangwani hakuna pa kujificha. Msituni watu 14 mnamezwa na miti, Chalbi mnaonekana kama kituo cha basi.

#34 Nusu Lita
Msituni nako kulikuwa na vituko vyake. Marsabit tulipata ukungu hadi saa tatu. Huruhusiwi kuzunguka kwa miguu bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na ndovu, kwa hiyo mnakwenda mstari mmoja nyuma yake. Wanne wa mwanzo wanaona ndege, wanne wa kati wanaona tawi linalotikisika, waliobaki wanaona kisogo cha mwenzao. Baadaye tukabadilisha: kila dakika ishirini wa mwisho anakuja mbele. Tukafika Gof Sokorte Guda, ambako wengi wanapaita Ziwa Paradise, ukungu ukafunguka kwa ghafla kama mtu amevuta pazia. Tulikaa pale bila kusema neno. Mtu akitaka kwenda, aende kwa ajili ya dakika ile, ndege ni nyongeza.

#35 Pare Original
Mita ngapi huko juu? Nasikia Marsabit ni 2,500.

#36 Dida Binti
Kilele ni mita 1,707. Unayemfikiria labda ni Kulal, ng'ambo ya Chalbi, karibu na Ziwa Turkana, 2,285. Kulal nako kuna kandege kadogo kenye duara jeupe machoni, hakapatikani mlima mwingine wowote. Ndiyo milima yetu ilivyo: kila mmoja kisiwa, na bahari yake ni mchanga na mawe.

#37 Shangazi Mwembeni
Marsabit si ndiyo kwa Ahmed?

#38 Mzee wa Darubini
Ndiye. Ndovu wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta, walinzi usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974. Sanamu yake iko pale pale Makumbusho, nje, tunapokusanyika Jumatano. Kwa hiyo kila wiki tunaanzia miguuni kwa mtu wa Marsabit.

#39 Fundi Redio
Dida Galgalu maana yake nini?

#40 Dida Binti
Dida ni uwandani, galgala ni jioni. Wengine wanatafsiri "uwanda wa giza", kwa ile rangi ya mawe. Bibi yangu hakukubali, alisema Galgalu ni jina la mtu aliyepotelea huko kwa kiu. Nami sikuthubutu kumpinga bibi.

#41 Pare Original
Kwa kuwa tumeshatoka kwenye mada, niongeze langu. Mwaka juzi tulipanga kwenda Mkomazi na Wakenya wawili. Mwenye safari akaandika "tukutane geti la Zange saa 8". Wakenya wakafika saa mbili asubuhi. Mimi nilikuja saa nane mchana, nimekula, nimeshiba, naimba. Mpaka leo hawanipigii simu.

#42 Kipozamataza77
😂😂 Nusu Lita, ratiba yenu iliandikwa kwa saa gani?

#43 Nusu Lita
Usinitafute. Iliandikwa vizuri.

#44 Shangazi Mwembeni
Orodha mlipeleka kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya? Ule mradi unagawa nchi yote kwa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, na kule kaskazini miraba mingi haina hata orodha moja. Unaandika kwa simu, saa mbili za kutazama kwa bidii zinatosha kuanza.

#45 Nusu Lita
Siku ya kwanza nilipeleka. Ya pili niliona aibu, orodha yenye firigogo watatu na ngamia.

#46 Shangazi Mwembeni
Ipeleke hiyo ndiyo yenye kazi! Mkipeleka siku za mamia peke yake, nani atajua kuwa kuna siku za watatu? Mngekuwa mnazo orodha hamsini za Kalacha, tusingekuwa tunabishana hapa tangu Jumatatu.

#47 Dida Binti
Subirini. Nimempigia mjomba wangu anayekaa Kalacha. Anasema siku ile ile ya pili, kama saa kumi na moja jioni ngamia wameshaondoka, watoto waliona ndege wengi mno wakishuka kwenye maji. "Wengi kama vumbi," ndivyo alivyosema.

#48 Nusu Lita
Saa kumi na moja sisi tulikuwa tunabadilisha gurudumu njiani Maikona!!! Nimeumia.

#49 Dida Binti
Ngamia, basi. Nilisema.

#50 Mzee wa Darubini
Au kozi aliondoka kwenda kulala.

#51 Mtaalamu Uchwara
Au watu 14 waliondoka.

#52 Kipozamataza77
Au joto lilikausha vidimbwi mchana wakarudi. Ila swali la msingi: mjomba alisema ndege gani? Hua nao wanashuka kwa wingi jioni.

#53 Dida Binti
Nimemuuliza. Amejibu kwa jina ambalo ninavyojua mimi ni la firigogo. Kisha mke wake akasema nyuma ya simu kwamba hapana, walikuwa hua. Sasa wanabishana wao, nami salio limekwisha.

#54 Mswahili wa Muscat
Hahaha, kumbe uzi umefika hadi Kalacha.

#55 Fundi Redio
Nimempata dereva. Amenisamehe ila ameniambia jingine: eti huko kaskazini firigogo akikuona umekaa chini anatua, ukisimama hatui. Nusu Lita, siku ya pili mlikaa au mlisimama?

#56 Nusu Lita
Siku ya kwanza tulikaa kwenye mikeka. Siku ya pili wapiga picha sita walisimama. Jamani, hilo nalo sasa?

#57 Mtaalamu Uchwara
Na nani aliwasogeza ili wapate mwanga?

#58 Nusu Lita
Sijibu. Tunarudi Februari, nafasi ziko sita, gari moja tu safari hii, na mikeka nabeba mimi. Dida Binti, mwambie mjomba tutamtafuta, na mkewe pia awepo. Pare Original ukija, kuondoka ni SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI, jua halijatoka. Na aliyeondoka na kifuniko cha darubini yangu pale Maikona, kina utepe mwekundu, nakiomba.

#59 Pare Original
Niwekee nafasi moja. Alfajiri ya Kenya au ya Tanzania?